Mwandike Baba Yako

Vidole vya Eulalia vilikataa kufunguka. Alikuwa amekata saladi tangu alfajiri, na sasa, alasiri, mkono wake wa kulia ulikuwa bado umekunjika kana kwamba umeshika kisu. Binti yake Nereida aliuzamisha kwenye beseni la maji moto ya chumvi, akavinyoosha vidole kimoja kimoja, huku mama akikazia macho ukuta asije akapiga kelele.

"Mshauri wa shule anataka niandike habari za baba," Nereida alisema.

"Umwandikie nani?"

"Chuo kikuu. Kile kikubwa cha mashariki."

Eulalia aliuchomoa mkono majini. "Hapana, mwanangu. Nyumba hii ya Aldecoa, mwenye shamba. Kazi ya Aldecoa. Reséndiz aliniambia waziwazi: ukifunga mdomo, unabaki. Nimeufunga."

Majira mawili ya joto yaliyopita, Fidencio, mume wake, alianguka kati ya matuta ya saladi akitetemeka juani. Mnyapara Reséndiz hakuita gari la wagonjwa. Alimlaza chini ya trela, akammwagia maji, akawaambia wengine waendelee, lori linasubiri. Kampuni ilisema kilichomuua ni moyo.

Insha aliyoiandika Nereida ilihusu ukungu. Tangu utotoni alijiuliza kwa nini ukungu wa baharini huingia bondeni kila jioni na kukomea penye barabara kuu. Alipima joto la udongo pande zote mbili mwaka mzima, akapiga hesabu, na alipopata jibu alicheka peke yake jikoni. Bi. Haskett, mshauri, aliisoma akiwa amesimama, maana foleni ya wanafunzi ilifika mpaka nje ya ofisi.

"Ukungu," alisema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Nereida, mpenzi, kule wanaingia wanne kati ya mia. Kutoka mashambani kwetu hajaingia hata mmoja. Wanaoomba nao wana walimu wa kulipwa, wana fidla, wana farasi. Wewe una nini?"

"Nimeongoza hesabu wilaya nzima."

"Hesabu kila mtu anazo. Mwandike baba yako."

"Mama hataki yasemwe."

"Anayeomba chuo ni mama?" Bi. Haskett alimshika bega. Hakuwa mtu mbaya. Kila Krismasi alinunulia watoto wa vibarua makoti kwa mshahara wake. "Jina la kampuni liache tu. Wale ndio waliotujengea maktaba."

Nereida aliandika kwa siku moja. Aliona haya jinsi maneno yalivyokuja upesi: midomo iliyopasuka, kofia iliyobaki tutani, wenzake baba wakikata saladi huku wakigeuza shingo kumtazama. Alikwama alipotakiwa kusema amejifunza nini. Hakuwa amejifunza kitu. Bi. Haskett ndiye aliyemjazia: *Kifo cha baba kilinifundisha ustahimilivu.*

Mwezi wa nne chuo kilijibu. Hakikumkubali wala hakikumkataa. Kilimweka kwenye orodha ya kusubiri, na kikamshukuru kwa ujasiri wake wa kusimulia.

Mwezi uliofuata wazazi waliitwa shuleni. Eulalia aliketi nyuma pamoja na wenzake wa shambani, wamevaa spika za masikioni ili wamsikie mkalimani. Mkuu wa shule alitangaza kwa furaha kwamba Tobin Aldecoa amechaguliwa na chuo kile, mwanafunzi wao wa kwanza wa asili ya Kihispania kufika huko. Watu walipiga makofi. Babu wa babu yake Tobin alitoka Hispania na kununua bonde. Tobin mwenyewe alijua Kihispania cha kuagizia chakula. Alisimama, akainamisha kichwa kwa aibu. Baba yake alimpigapiga mgongoni.

Kisha Bi. Haskett alipanda jukwaani. "Kwa wanaoomba mwaka ujao," alisema, "nawasomea insha ya mfano. Sitataja mwandishi."

Nereida hakuwa ameulizwa. Alitambua sentensi ya kwanza, akageuka kumtafuta mama yake.

Eulalia alikuwa akisikiliza kifo cha mumewe kwa sauti ya kijana mkalimani asiyemjua, iliyokimbia kidogo ili isiachwe nyuma. Trela. Maji. Lori linasubiri. Wanawake walioketi karibu naye, ambao siku ile walikuwa mita chache tu kutoka pale alipolazwa, walishusha macho. Safu tatu mbele, Reséndiz aligeuza kichwa, akamtafuta, akampata. Eulalia alivua spika, akaiweka mapajani, akaifunika kwa viganja vyote viwili. Makofi ya safari hii yalikuwa marefu zaidi.

Nereida alipotoka nje, Reséndiz alikuwa amekwisha kumwita Eulalia pembeni, penye magari. Alizungumza kwa upole, mikono mifukoni. Eulalia alitikisa kichwa kukubali, akatikisa tena. Nereida alianza kukimbia kuwaendea, lakini mtu alimkamata mkono wa sweta. Alikuwa Itzel, binti wa jirani, aliyekuwa kidato kimoja nyuma yake.

"Dada Nereida, ile ni yako, si ndiyo? Nzuri mno." Itzel alihema. "Sasa mimi baba yangu yu hai. Ila mama mashine ya kiwandani ilimkata vidole viwili. Vitatosha?"

Akatoa kalamu, akasubiri jibu.