Shangazi na Meza ya Kilo Mia Tatu

Watu wote wa karakana walimwita Shangazi, hata fundi umeme mwenye mvi aliyemzidi umri kwa mbali. Karakana ilikuwa yake, na kazi yao ilikuwa kuchora vioo vya kupimia: vipande vidogo kama ukucha, vyenye mistari myembamba kuliko unywele, ambavyo watu wa maabara huviweka chini ya hadubini wajue kitu wanachokitazama kina ukubwa gani. Leza ndiyo iliyochora, lakini leza yenyewe haikwenda popote. Kilichosogea ni kioo, kikisukumwa na meza ndogo ya mota iliyokuwa chini yake.

Meza hiyo ilikuwa imechoka. Mistari ilianza kulala ubavu, mingine ikakumbatiana kama ndugu waliopoteana miaka. Wateja wakaanza kununa.

"Tununue mpya," alisema mpwa wake, mhandisi wa karakana, binti mwenye ulimi mkali na subira fupi. "Ndogo. Ukiiambia isogee maikroni moja, yaani milimita uikate vipande elfu uchukue kimoja, isogee hiyo hiyo moja. Na ikirudi, irudi pale pale ilipotoka."

"Inabeba kilo ngapi?"

"Shangazi, kioo chetu hakifiki hata uzito wa kijiko."

"Sikuuliza kioo. Nimeuliza meza."

"Kilo mbili."

Shangazi akabetua mdomo. Yeye alikuwa mtu wa kununua sufuria ya kulisha harusi hata kama anachemsha yai moja. Kwa hiyo mpwa alipokwenda likizo, akampigia simu muuza mashine mwenyewe. Muuzaji akashusha sauti kama anayetoa siri: anayo moja iliyotoka kiwandani, uso wake unateleza mita mbili juu ya reli na kubeba kilo mia tatu.

"Hata ng'ombe?" aliuliza Shangazi, moyo ukimdunda.

"Akiwa mwembamba."

Ikaja juu ya lori. Ukatolewa mlango, ikatolewa fremu ya mlango, kisha fundi umeme akatazama ukuta na kusema kwamba kuna matofali pale ambayo, ukweli, hayana kazi kubwa.

Mpwa aliporudi aliikuta imelala katikati ya chumba kama kitanda cha chuma. Viti vyote vilikuwa vimetupwa nje. Hakupiga kelele. Aliweka ubavuni mwa meza saa ya kupimia mwendo, ambayo mshale wake huhesabu maikroni, akamwita Shangazi kwenye kompyuta.

"Iambie isogee maikroni moja."

Shangazi akabonyeza. Mshale wa saa ukatulia tuli. Akabonyeza tena. Wapi!

"Imelala," alisema.

"Haijalala. Skrubu inayoisukuma ni nene na ina mchezo, yaani imelegea ndani, inajikusanya kwanza. Bonyeza tena."

Meza ikagutuka. Mshale ukaruka hadi arobaini.

"Imeitika!" Shangazi alipiga makofi.

"Umemwita mtoto mmoja, imekuja familia nzima! Hapo mistari mingapi imerukwa?"

Shangazi akajitia hamnazo, ila ndani roho ilianza kumwuma. Na kama mikosi ilikuwa imepanga foleni, mlangoni pakabishwa hodi. Alikuwa mteja wao mkubwa, daktari wa maabara ya misitu, mtu mrefu, mpole hadi anatisha. Alikuwa amekuja kuulizia vioo vyake.

"Karibu, Daktari, keti!" alisema Shangazi, na kwa kuwa hapakuwa na kiti, akamketisha juu ya meza na kumpa kikombe cha chai. "Unaketi juu ya mashine mpya. Ngoja niisogeze kidogo tu, hata hutahisi."

Akaandika elfu moja na mia tano. Kwa hesabu yake hizo zilikuwa maikroni, safari ya hatua ya sisimizi. Hakujua kwamba walipokuwa wakimpokea Daktari mlangoni, fundi umeme, katika kupapasa mipangilio, alikuwa ameiacha kwenye milimita.

Daktari akaondoka. Akaondoka polepole, amenyooka, kikombe mkononi, na uso wa abiria asiyetaka kumsumbua dereva. Alipita mbele ya kabati. Akapita mbele ya fundi umeme.

"Habari za kazi?" akauliza.

"Njema, Daktari. Safari njema."

Mpwa alikuwa anapekua huku na huku akitafuta kitufe chekundu cha kusimamishia mashine, ambacho mtu alikuwa amekitundikia koti. Shangazi alifumba macho. Alipoyafumbua, Daktari alikuwa amefika karibu na mwisho wa reli na meza imesimama bila hata kumtikisa.

"Nirudishe," alisema Daktari.

"Daktari, nisamehe, nitakulipia teksi..."

"Nirudishe kwa njia ile ile." Alikuwa anachungulia chai yake. "Haikumwagika hata tone. Sisi tunapiga picha magogo, mita kwa mita. Vijana wawili wanayasukuma chini ya kamera, picha inatoka na ukungu, kisha wanalaumiana. Hii inakosea kiasi gani?"

"Maikroni arobaini. Gogo halitajua," alisema mpwa, huku ameliona koti.

Shangazi akapumua kama mtu aliyeshushwa mzigo. Wiki hiyo hiyo Daktari aliichukua meza, na kwa malipo yake ikanunuliwa nyingine, iliyokuja ndani ya boksi dogo kama la viatu vya mtoto. Safari hii aliyechagua ni mpwa.

Mistari ikatoka imenyooka kama askari kwenye gwaride. Isipokuwa siku moja, ilipotoka na mawimbi. Mpwa akakagua skrubu, akakagua waya, kisha akageuka taratibu kumtazama Shangazi, ambaye alikuwa ameegemea benchi lililobeba meza akimsimulia fundi umeme safari ya Daktari, mwili mzima ukitetemeka kwa kicheko.

"Shangazi, ukicheka, benchi linacheka. Benchi likicheka, na mistari inacheka."

"Haya, sicheki tena."

Akabana midomo. Mabega yakaanza kupanda na kushuka. Mpwa akamwonyesha mlango, na Shangazi akatoka mbio kwa ncha za vidole, ameziba mdomo kwa mikono miwili, akakae uani amalize.