Kiti cha Nyuma, Katikati

Mkwe wa Bibi alikuwa mtu wa karatasi. Wengine hupanga safari kwa mdomo. Yeye alipanga kwa rula. Kazi yake ilikuwa kupima viwanja vya watu, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kwamba lisiloandikwa halipo. Kwa hiyo siku moja kabla ya likizo yao kwisha, meza ilipofutwa baada ya chakula cha mchana, alitoa karatasi yenye mistari, akachonga penseli juu ya kisosi, akawaita wote.

"Ndege inaruka saa tatu usiku," alisema. "Uwanjani tufike saa kumi na mbili jioni. Njia ni mwendo wa saa nane. Ongeza saa moja ya kula na kunyoosha miguu. Ongeza saa moja ya pancha. Tunaondoka saa mbili asubuhi."

"Shemeji," akadakia Mjomba, kaka wa mkewe, ambaye gari lilikuwa lake na ndiye angeliendesha, "umetuwekea hadi pancha? Tairi zangu zikikusikia zitakata tamaa."

"Isipotokea, tutafika mapema."

"Na chafya je? Mimi asubuhi napiga chafya saba."

Hata mkwe alicheka, lakini penseli haikusimama.

Bibi alikuwa mwisho wa meza, anachambua mchele kwenye sinia, sikio lote liko kwenye karatasi. Macho yake yalikuwa yamechoka kwa uzi na sindano, ila kwa vitu vya mbali yalikuwa bado mazima. Akaona mkwe amelichora gari kama kiwanja kinavyoonekana kutoka juu, na kila mtu kapewa kisanduku chake. Mbele Mjomba, na pembeni yake mkwe mwenyewe na karatasi yake. Nyuma dirishani, binti yake. Dirisha la pili, mjukuu wake wa miaka minane, aliyeitwa Kasuku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Katikati yao, kwa herufi safi, mkwe ameandika: FURUSHI.

Bibi akauacha mchele.

Furushi hilo alilijua, maana alilifunga mwenyewe. Ndani mlikuwa na mito miwili, taulo sita, na blanketi la viraka alilolishona kwa miezi minne, pande mbili, likashiba hasa. Buti la gari la Mjomba lilikuwa dogo. Masanduku mawili makubwa yalilijaza pomoni. Kumbe zawadi zake mwenyewe ndizo zilizomkalia kiti!

Binti yake alikuja mara moja kila miaka minne. Akija, nyumba hujaa: majirani, mashangazi, aliyesoma naye, aliyemnyoa, aliyemkopesha baiskeli. Wiki tatu zilikuwa zimepita na Bibi hajakaa naye peke yake hata robo saa bila mtu kubisha hodi. Na kuagana kulikuwa ni kule kule kwa siku zote: getini, honi mbili, mkono dirishani, kwisha. Safari hii Bibi alitaka zile saa nane za barabarani. Nani atabisha hodi kwenye gari linalokwenda? Gauni lake la bluu lilikuwa limeshanyooshwa, limening'inia nyuma ya mlango tangu Jumatatu. Gauni lipo, kiti hakipo. Na kuomba hakutaka, maana alimjua binti yake: angemtoa mumewe garini na kumpandisha basi, na mkwe, kwa heshima, angekubali.

Basi akamwita mjukuu.

"Mke mwenzangu, njoo unisaidie kazi."

"Kazi gani, Bibi?"

"Kazi ya kukaa."

Wakaenda chumbani kwenye masanduku. Bibi alikuwa amefua nguo za hospitali miaka thelathini na mmoja. Kabati lililotengenezewa shuka mia mbili yeye alilipakia mia tatu, na mlango ukafungwa kwa kidole. Alifungua sanduku la kwanza, akatazama, akaguna.

"Mama yako nilimzaa mwenyewe, lakini kukunja huku hakukutoka kwangu."

Akamwaga vyote kitandani. Akashika shati pembe mbili, akalikung'uta mara moja, likalia pa! Akalilaza, akakutanisha pembe kwa pembe, akakunja mara tatu, kisha akapitisha kiganja kutoka katikati kwenda kando, polepole, kama anayebembeleza mtoto mgonjwa.

"Unafanya nini hapo, Bibi?"

"Natoa hewa. Nguo nusu yake ni hewa, mke mwenzangu. Watu wanasumbuka kusafirisha hewa, kwani huko waendako haipo?"

Soksi zikaingia ndani ya viatu. Taulo zikaviringishwa zikawa nyembamba kama mwichi wa kutwangia. Mito ikabanwa kati ya suruali za mkwe. Blanketi la viraka Bibi alililaza sakafuni, akalikunja, akamwambia Kasuku, "Haya, kaa." Kasuku akakaa. Akaambiwa aruke, akaruka, na akiruka anaimba. Blanketi likatoa pumzi, fuuu, likalala chini. Zipu za masanduku zikafungwa bila kulia. Pale sakafuni likabaki tambara la furushi, tupu, na Bibi akalikunja nalo, pembe kwa pembe, akaliweka mfukoni.

Jioni mkwe alipita na karatasi yake akihakiki. Masanduku mawili, sawa. Furushi?

"Furushi liko wapi?"

"Mle ndani ya masanduku," akasema Bibi, macho kwenye sufuria.

"Mle lisingeingia, Mama. Nilipima."

"Limeingia, mwanangu."

Mkwe akatazama masanduku, akatazama mchoro wake. Kisanduku cha katikati kilikuwa kimebaki hakina mtu. Bibi alikuwa bado anatafuta namna ya kuanza, Kasuku akamwahi:

"Bibi anakwenda na sisi! Gauni ameshanyoosha! Na viatu amevipaka mafuta!"

Binti yake akageuka kutoka dirishani, mikono kiunoni.

"Mama! Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kiti kilikuwa na mtu wake."

Mjomba alicheka hadi akashika ukuta. Mkwe yeye hakucheka. Alifuta neno FURUSHI kwa raba, akapuliza vumbi lake, akaandika MAMA. Halafu akamvuta Mjomba pembeni, akamnong'oneza kwa aibu, na Mjomba akauliza kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu:

"Mama, mkweo anauliza, njiani tusimame mara ngapi uchimbe dawa?"

"Mwambie mara mbili," akasema Bibi. "Na asiandike!"

Aliandika. Chini ya mchoro wa gari palikuwa na safu nyingine ya namba, alizozipata juzi alipoyapima masanduku kwenye mizani ya dukani. Hiyo Bibi hakuisoma. Haikuhusu kiti.

Kesho yake, saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, geti lilifunguliwa, na kwa mara ya kwanza Bibi akalitazama akiwa upande wa garini. Majirani walipunga, naye akawapungia kama mwali. Mjomba alipiga chafya saba, Kasuku akizihesabu.

Alikuwa amepanga maneno mengi ya kumwambia binti yake. Kuhusu kazi yake ile inayomkosesha usingizi. Kuhusu kula vizuri. Kuhusu marehemu baba yake na yale aliyoyasema mwishoni. Waliyaongea machache. Waliongea zaidi kuhusu mbuzi waliowaona, na jirani fulani na meno yake mapya, wakacheka mpaka mkwe akageuka kuuliza kuna nini. Baada ya kituo cha pili binti yake alisinzia, kichwa kikamwangukia Bibi begani, kizito vilevile kama alipokuwa na miaka sita. Bibi hakujitikisa. Bega lilikufa ganzi kwa saa nzima, naye akaliacha life. Pancha haikutokea, kwa hiyo walifika saa kumi na moja jioni.

Mwanamke wa kwenye mizani uwanjani alikuwa mpole. Sanduku la kwanza likapanda. Akatazama namba, akatazama sanduku, akainua nyusi.

"Kilo ishirini na saba. Mwisho ni ishirini na tatu."

La pili: ishirini na sita.

Mkwe akaitoa karatasi, akapitisha kidole kwenye ile safu ya chini. "Yalikuwa ishirini na mbili, ishirini na mbili," akasema taratibu. Kisha wote wakamgeukia Bibi.

Bibi akashika mdomo. Miaka thelathini na mmoja alijaza makabati, na hakuna kabati lililowahi kupandishwa mizani.

"Hewa niliitoa," alisema. "Nilidhani ndiyo iliyokuwa nzito."

Binti yake alianza kucheka kwanza, akachuchumaa pale pale kwenye foleni akijifuta machozi. Mwanamke wa mizani naye akageuza uso.

"Si neno, Mama," mkwe akasema, ameshafungua zipu. "Mito na taulo tutabeba mkononi. Blanketi nalo nitalibeba begani. Ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo."

"Hapana," akasema binti yake. "Blanketi liache."

Bibi akamgeukia. "Hulitaki, mwanangu?"

"Nalitaka sana. Litandike kwenye kile kitanda changu. Mwakani tukija tutajifunika nini?"

"Mwakani?" akauliza Bibi. "Si baada ya miaka minne?"

"Blanketi langu nitaliacha kwako miaka minne, Mama? Utawapa majirani."

"Nitawapa wote!" akasema Bibi.

"Baba, andika!" Kasuku akapiga kelele. "Andika, andika!"

Mkwe akamtazama mkewe, mkewe akaitikia kwa kichwa. Akaitegemeza karatasi juu ya sanduku, akailamba ncha ya penseli, na chini kabisa, kwa herufi zake safi, akaandika: *Blanketi. Kulifuata. Desemba ijayo.* Akapiga mstari kwa ukingo wa tiketi, maana rula ilikuwa sandukuni.

"Hiyo karatasi nipe mimi," Bibi akasema.

Akaipokea, akailaza juu ya blanketi, akakutanisha pembe kwa pembe, akaikunja mara tatu, akapitisha kiganja kutoka katikati kwenda kando. Akaiweka kifuani.

Walipokwisha kuagana na kurudi garini wawili tu, Mjomba alimfungulia mlango wa mbele. Bibi akakataa. Alikaa nyuma, dirishani, na katikati akaliketisha blanketi, akalifunga mkanda.