Nukta Juu ya Mraba

Mtafiti alikaza skrubu tena, akaitazama skrini ya kamera. Nukta zilikuwa palepale.

Mwanga wa leza yake ya kutibu makovu uliwaka zaidi katikati na kufifia pembeni. Ili kuusawazisha, aliupitisha kwenye kibao cha kioo kilichojaa lenzi ndogo kama punje za mtama. Kila lenzi ikamega kipande chake, na lenzi moja kubwa ikavilaza vipande vyote mahali pamoja, viwe mraba mmoja. Lakini vipande hivyo havikupatana: vilipokutana viliacha nukta kali za mwanga, za kuunguza ngozi. Alipoongeza kioo chenye ukungu ili kuvichanganya, nukta zilitawanyika tu.

Daktari wa ngozi alikuwa njiani. Akiziona, mashine haitagusa mtu. Na wa kwanza kungoja alikuwa mdogo wake mtafiti, aliyeketi pale na kovu la moto shavuni tangu utotoni.

"Kaa chini, Kiherehere," mdogo mtu alimwambia, akitumia jina la dada yake la nyumbani. "Unanizungusha kichwa."

"Unataka shavu liwe kama chujio?"

"Afadhali chujio, Dada. Hili hata chai halichuji."

Mtafiti alikaza mno. Skrubu ya kishikio cha kioo ikakatika. Kwa hasira akakishika kioo cha ukungu kwa vidole.

"Dada! Zimeondoka!"

Mraba ulikuwa laini kama shuka iliyopigwa pasi. Akakibana kioo kwa koleo: nukta zikarudi. Akakishika kwa mkono: zikapotea.

Ndipo alipoutazama mkono wake. Ulikuwa ukitetemeka. Nukta zilikuwa bado zinazaliwa, ila kila mtetemo ulizihamisha, zikafunikana kabla kamera haijazitenganisha. Na yeye alikuwa amekesha akituliza kila kilichocheza juu ya meza ile!

Akaifungua feni yake ndogo ya mezani, akatoa mota, akakigandisha kioo kwenye mhimili wake ili kizunguke mbele ya mwanga.

Daktari alipofika, waliichoma karatasi kwa leza. Aliukagua mraba wa kahawia kwa kioo cha kukuzia, kona hadi kona.

"Tuanze na mkono," alisema. "Ukipona vizuri, tutazungumza kuhusu shavu."

Mdogo mtu alikwisha kukunja mkono wa shati na kuvaa miwani ya kinga.

"Tulia," mtafiti alimwambia.

"Wewe ndiye wa kuniambia hivyo?"

Mtafiti aliweka kidole kwenye swichi, lakini hakubonyeza. Alitega sikio kwanza, ahakikishe mota bado inazunguka.