Kura Kumi na Moja za Saluni

Msusi alidharau watu wawili duniani: mteja anayeleta nywele za wiki tano akitaka atoke baada ya dakika tano, na mkaguzi mstaafu wa shule aliyejiita Nukta kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuhariri. Yule wa kwanza angalau alikuwa anachekesha.

Ugomvi ulihusu ukurasa wa zahanati ya mtaa. Msusi aliongeza mstari mmoja tu: kwamba mkunga wa kwanza pale alikuwa mama yake, kwa miaka thelathini na moja. Nukta akaufuta. Msusi akaurudisha. Nukta akaufuta tena na kuacha maneno: "Hapa si kibaraza cha umbea." Aya tatu za kumsifu baba yake Nukta, ambaye kazi yake yote pale ilikuwa kukata utepe siku ya ufunguzi, hazikuguswa.

Mama mwenyewe alikuwa anakaa kwenye kona ya saluni kila mchana. Macho yalikuwa yanamwishia, lakini masikio yalikuwa mazima. "Wameshaniandika?" aliuliza kila siku.

"Aya tatu za mkasi!" Msusi alifoka, kitana hewani. "Na mama yangu aliyepokea nusu ya mtaa huu hapati hata mstari?"

"Shoga, si tupige kura?" alisema muuza vitambaa kutoka chini ya draya. "Humu tuko kumi na mmoja."

Basi ikawa sherehe. Ndani ya nusu saa wateja wote walikuwa wamefungua akaunti na kujazana kwenye ukurasa wa majadiliano: naunga mkono, naunga mkono. Mmoja akanogesha: "Nukta ana roho mbaya kuliko sura yake, na sura yenyewe mnaijua."

Jibu lililetwa na msimamizi wa kamusi, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona. "Akaunti kumi na moja, mtandao mmoja, nusu saa. Hapa hatuhesabu vichwa, tunataka chanzo kilichochapishwa. Futa kura hizo na uombe radhi. La sivyo, nafunga akaunti yako, na mstari hautarudi."

"Nimwombe radhi Nukta?" Msusi alisema. "Bora ninyoe kipara!"

"Utanyoa," mama alisema kutoka kwenye kona. "Ukishaomba."

Msusi alikwenda zahanati. Muuguzi mkuu akapekua kabati na kumpa kijitabu cha maadhimisho. Ukurasa wa tisa, mama alikuwepo. Akarudi, akafuta kura moja moja, kisha akaurudisha mstari na kuandika: "Nilikosea kukusanya watu. Ndugu Nukta, samahani kwa matusi yaliyoandikwa. Chanzo ni kijitabu cha zahanati, ukurasa wa tisa." Lile "Ndugu" lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Nukta alijibu kwa aya nane kuhusu elimu na heshima na watu wanaotoka kwenye vitana kuja kwenye kalamu. Kuhusu ukurasa wa tisa, kimya. Halafu akaufuta mstari. Msimamizi akaurudisha. Nukta akaufuta tena, na tena, bila kueleza sababu, hadi asubuhi moja akaunti yake ikafungwa wiki mbili.

"Mkaguzi mzima!" muuza vitambaa alicheka hadi draya ikatikisika. "Kakagua walimu maisha yake yote, adabu ya ukurasa mmoja imemshinda."

Msusi akakaa kando ya mama na kumsomea ule mstari, polepole, mara mbili.

"Umekaa vizuri," mama alisema. "Na huyo Nukta, watoto wake wote watatu niliwapokea mimi. Siku ya yule wa mwisho alisimama mlangoni, mkewe analia ndani, yeye anauliza kama sakafu imepigwa deki. Asante mpaka leo sijaisikia."

Saluni ililipuka. "Andika hiyo! Iandike sasa hivi, hayupo wa kuifuta!"

Simu ilikuwa mkononi mwa Msusi, ukurasa uko wazi, na vidole vinamwasha. Akamtazama mama.

"Imechapishwa wapi?" Msusi alimuuliza.