Wavuta Kamba

Maji yalipenya kati ya mbao yakalowesha shuka ambalo dobi alimtandikia binti yake aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Kivuko kilikuwa mapipa matupu yaliyopigiliwa mbao juu. Wanaume walikivuta kwa kamba kutoka ng'ambo, mmoja akiita, wengine wakiitikia, wote wakivuta kwa pumzi moja.

"Mama, anakuja," binti alisema.

"Jikaze kidogo, mwanangu. Zahanati ile pale."

Kulia kwao zilisimama nguzo mbili za daraja ambalo halikuwahi kujengwa zaidi ya hapo. Dobi hakuzitazama. Mumewe alizama hapo mvua zilizopita, na tangu siku hiyo kila akivuka humsikia akikohoa chini ya mbao, kikohozi kilekile cha asubuhi, kama mtu anayesubiri kufunguliwa mlango.

Ng'ambo kulikuwa na habari mpya: waziri wa zamani amehukumiwa.

"Mwizi wenu analala ndani leo!" alisema mwitaji, waliyemzoea kwa jina la Redio.

"Kafungwa kwa kula peke yake," alijibu kinyozi, nyuma yake kwenye kamba. "Wako aliyekalia kiti chake anakula na mahakimu. Nani atamfunga?"

"Wangu hajagusa hela ya daraja!"

"Aguse ipi, bwana, wakati alikuta imeshaliwa? Wetu angalau aliacha nguzo mbili. Wako kaacha picha yake kwenye bango."

Wakacheka. Wito ukakatika. Dobi alisikia kikohozi kimesogea, sasa kiko chini ya magoti yake.

"Vuteni, wanangu! Mtoto anatoka!"

"Tunavuta, shangazi!" Redio aliitikia, kisha akageuka kumnyooshea kinyozi kidole. Kinyozi naye akanyoosha chake. Wenzao wakaingilia, huku na huku. Kila upande ulidhani upande wa pili umeshika.

Kamba ikazama. Kivuko kiligeuka taratibu, kikaanza kuteremka na mto.

Kichwa kilikuwa tayari mikononi mwa dobi, kisha mabega, kisha mtoto mzima, mtelezi, rangi ya jivu. Alimsafisha kinywa kwa kidole. Alimpiga mgongoni.

"Analia, mama? Mbona simsikii?"

Wanaume walikuwa wakikimbia ukingoni sambamba nao, wakisukumana.

"Nyie ndio mlioachia!"

"Nyie ndio wa kwanza!"

Dobi aliweka sikio kwenye kinywa cha mtoto.

"Nyamazeni," alisema. "Nyamazeni kidogo, nimsikie."

"Waulize hawa, shangazi! Waulize nani kaanza!"