Sahani Isiyo na Chumvi

Kila Alhamisi saa tisa alasiri Serah alianza kupanga sufuria. Shelisheli lilikaa chini, vipande vya unene wa vidole viwili. Juu yake zilifuata ndizi mbichi, nyama iliyokaushwa, majani ya majimbi, na juu kabisa vibonge vya unga vilivyoviringwa kwa mkono. Kisha tui la nazi lenye manjano lilimwagwa pembeni, na kuanzia hapo mwiko ulikuwa haramu. Chakula hicho hakikorogwi. Huwa kimeiva tui linapokauka lote na mafuta peke yake kubaki chini. Ndivyo wanavyokipika Grenada, kisiwa cha kungumanga na karafuu kule Karibi, na ndivyo kilivyopikwa nyumbani kwa Badawi, mwajiri wake, mtaa wa Aziziya, Jeddah.

Aliyekileta ni madam Wahida, mke wa Badawi. Wazee wake walitoka Unguja mwaka sitini na nne, naye akazaliwa Jeddah na kukua akisikia habari za kisiwa asichokijua. Mwaka juzi alijiunga na msafara wa watalii wanaosafiri kwa ajili ya kula tu, wakawa wanaingia jikoni mwa watu wa Grenada na kufungwa aproni. Alipoonja shelisheli la nazi akalia mbele ya watu, maana lilikuwa na ladha ya lile la bibi yake. Aliporudi alianzisha meza yake ya Alhamisi. Wageni walijiandikisha kwa simu, wengine wakipanda ndege kutoka Riyadh. Mkia wa nguruwe, ambao watu wa Grenada hutia sufuriani, uliachwa hukohuko.

Kulikuwa na desturi moja aliyoipenda kuliko chakula chenyewe. Mama mzee aliyemfundisha kupika, jina lake Magdaline, alimwambia kwamba kwenye karamu zao sahani ya kwanza huwekewa wafu wa nyumba, na sahani hiyo haitiwi chumvi. Chumvi hulemeza. Wazee wao walioletwa utumwani, wale ambao hawakuilamba chumvi, waliinuka siku moja shambani wakaruka juu ya bahari hadi kwao Afrika. Wahida aliona wageni watapenda. Basi Serah akawa anapika sufuria ndogo kando, bila chumvi, na sahani yake inawekwa mbele ya kiti cha mwanzo wa meza. Madam anasimulia habari za Magdaline, wageni wanapiga picha, kisha watu wanasema bismillahi.

Wahida alikuwa anawafikiria babu na bibi zake. Alisahau kwamba wanaoitwa ni wafu wa nyumba ile, na nyumba ile ilikuwa na maiti yake.

Alhamisi ya tatu, watu wametoka kuswali magharibi, Metrine, mfanyakazi wa kabla ya Serah, aliingia kwa mlango wa jikoni. Alijifuta miguu kwenye mkeka, akaenda kukaa kwenye kile kiti, akala. Bwana Hamad, mfanyabiashara wa Al-Naseem, Riyadh, alisogeza kiti chake kidogo ili ampishe, akaendelea kueleza bei ya viwanja. Metrine alipomaliza aliinua sahani yake, na kwa kuwa mazoea yana taabu, akakusanya na za wengine. Mikono yake ilikuwa baridi kiasi kwamba mafuta yaliganda kwenye vyombo. Ilimbidi Serah achemshe maji ya kuviosha.

"Hizo slipa ni zangu," Metrine alimwambia kwenye sinki.

Serah alizivua akampa. Alikuwa amezikuta chini ya kitanda mwaka uliopita, siku aliyofika kutoka Machakos.

"Waliniambia ulitoroka."

"Ningetoroka bila slipa, dada?" Metrine alichukua taulo. "Nilianguka hapo, karibu na friji. Kifua kilianza kuniuma Jumapili. Nikamwambia madam, akasema wacha kwanza wageni wa Idi watoke. Wageni walitoka Jumanne jioni. Mimi nilikuwa nimeenda Jumanne asubuhi."

"Na sasa uko wapi?"

"Mochari. Baba Badawi aliniacha kwenye geti la hospitali bila karatasi yoyote. Droo ya kumi na saba. Si pabaya, ni baridi tu."

Alimtajia Serah namba ya simu ya mama yake, Emmaculate, kule Vihiga, naye Serah akapiga siku ileile. Mama Emmaculate hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza kama anakula. Kisha akasema kwamba wazee wamechoka kungoja. Kwao mtu huzikwa nyumbani kwao, na maiti isipopatikana huzikwa mgomba mahali pake, ili jina lipumzike na watu wanyoe nywele.

"Wamenipa mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao. Wanataka tuzike mgomba," alisema. "Mimi sikuzaa mgomba."

Serah alimwendea Badawi akiwa sebuleni. Badawi si mtu mkali. Hajawahi kumpigia kelele, na Ramadhani humletea tende. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi ndiye kafili wake, mimi ndiye niliyemdhamini, kweli," alisema. "Lakini siku ile nilimwandikisha mtoro. Habari za kifo zina maswali mengi, mwanangu. Nikienda leo kusaini maiti itoke, wataniuliza mtoro alifiaje jikoni kwangu. Halas, yamekwisha. Mwombee dua."

Serah alirudi jikoni. Alikatakata majani ya majimbi mpaka yakawa uji. Ndipo alipokumbuka maneno ya Magdaline juu ya wasiolamba chumvi, ambayo alikuwa ameyasikia kila Alhamisi akiwa amesimama na jagi la maji.

Kuanzia hapo sufuria ndogo ilipata mwiko wake na sufuria yake ya kuchemshia. Nyama aliiloweka siku mbili akibadilisha maji mara tano, ili chumvi yake itoke. Hata kipande cha chapati Metrine hakupewa. Alhamisi iliyofuata visigino vyake vilikuwa vimeinuka kutoka kwenye vigae, kimo cha sahani. Baadaye vikawa kimo cha stuli. Madam alifurahi, kwa sababu sasa Metrine alifikia makabati ya juu na kupangusa taa kubwa ya sebuleni bila ngazi. Alhamisi ya tano ya mapishi hayo kichwa chake kiligusa dari, ikabidi ashikilie meza ili asipae Serah anapopakua.

"Nikila sahani moja tu tena, naenda," alisema. "Upande wa kwetu ni ule wa dirisha la stoo. Liache wazi. Mwambie mama asikubali ule mgomba."

Serah alipiga simu. "Mama, Alhamisi hii anakuja. Ngoja tu."

Mama Emmaculate alinunua blanketi jipya na kupaka nyumba udongo.

Lakini meza ya Wahida ilikuwa imepata jina. Wageni hawakuuliza tena habari za shelisheli. Waliuliza kama yule marehemu atakuwepo. Bwana Hamad alileta watu kumi na wawili kutoka Riyadh, na wote walitaka wahudumiwe na yeye, maana maji anayoyamimina huwa baridi bila barafu. Wahida naye si mjinga. Hadithi ya chumvi alikuwa akiisimulia mwenyewe.

Alhamisi ile aliingia jikoni Serah akiwa amekwisha kupakua. Alichukua kijiko cha chumvi, akainyunyiza kwenye sahani ndogo, akachanganya kwa vidole taratibu.

"Madam, hiyo haitiwi chumvi."

"Najua, mwanangu."

"Madam, mama yake anamngojea."

"Na mimi nina wageni ishirini na sita. Hapa anakula, anavaa, watu wanampenda. Huko atafukiwa tu." Alijifuta vidole. "Haya, yalla, peleka."

Serah alishika sahani. Angeweza kuiangusha. Vigae ni vigumu, sahani ya udongo haichukui muda. Lakini ikama yake, kibali chake cha kuishi nchini, ilikuwa kwenye droo ya Badawi, na sasa alijua katika nyumba ile mtu anaandikwaje mtoro. Akaibeba, akaiweka mbele ya kile kiti. Alijichukia tangu jikoni mpaka mezani, na hajaacha.

Metrine alishuka kutoka darini akishikilia mgongo wa kiti. Alipotia tonge la kwanza mdomoni alisimamisha taya. Alimtazama Serah, na Serah akatazama jagi. Mwaka mmoja na zaidi hakuwa ameonja chumvi, na chakula kilikuwa kitamu. Akala mpaka akapangusa sahani. Visigino vilishuka vikagusa vigae, sauti ikasikika. Bwana Hamad akaomba maji.

Dirisha la stoo lilikaa wazi mpaka Ijumaa, likaingiza vumbi, Serah akagombezwa.

Ijumaa hiyohiyo, baada ya chakula cha mchana, Badawi alitafakari jambo hilo kwa haki. Mtoro ni mtu aliyeondoka kazini. Metrine yuko kazini, watu zaidi ya ishirini wamemwona. Kwa hiyo si mtoro. Alishika simu yake, akafuta ile ripoti ya utoro, na alipokuwa humo akamhuishia ikama miaka miwili. Picha ilikuwa ileile ya zamani, aliyopigwa Nairobi akiwa amesuka. Na mtu mwenye ikama hai, anayefanya kazi kwa kafili wake, hawezi kusafirishwa kwenye sanduku. Hata Serah aliliona hilo bila kuelezwa. Madam alimnunulia Metrine aproni mpya na soksi nzito.

Jumamosi, siku ya mwisho aliyopewa na wazee, mama Emmaculate alipiga simu. Nyuma yake watu walikuwa wanaimba, na kulikuwa na mlio wa panga.

"Serah, nimekesha siku mbili nje. Amefika wapi?"

Serah alimtazama Metrine, aliyekuwa ameinama juu ya beseni akisaga manjano.

"Yuko kazini, mama."

Panga likalia tena.

"Haya," mama alisema. "Basi mwambie tumekata."

Metrine aliuliza mgomba wenyewe una kimo gani. Serah akauliza. Mama akasema wameupima kwa gauni lake la kipaimara, kisha wakaongeza kidogo kwa sababu alirefuka baadaye, wakaufunga kwenye lile blanketi jipya.

"Mwambie ni sawa," Metrine alisema. "Mwambie asante kwa blanketi."

Akajifuta mikono, akavuta shelisheli lingine akaanza kulimenya, kwa sababu madam alikuwa ameongeza meza ya Jumamosi.