Safari ya Khue ya Da Lat

Asubuhi ya kuwaaga miungu wa jikoni, ambao kila mwisho wa mwaka hupanda mbinguni juu ya samaki, Khue aliketi juu ya kigoda katikati ya sebule, akaweka viganja viwili juu ya tumbo lake lililojaa kama mtungi, akatangaza kwamba amekufa.

"Tema mate!" Bi Tuat, mama mkwe wake, aliruka na kitunguu mkononi. "Tema chini hapo hapo! Mja mzito, mwisho wa mwaka, mbele ya madhabahu ya wazee, unaita kifo kama mtu anayeita kuku?"

"Mama, ni mchezo tu. Ni majaribio."

"Kifo hakijui mchezo. Kikiitwa kinaitika."

Lam, mume wa Khue, alikuwa ameegemea mlango akijizuia kucheka. "Basi tuseme amesafiri. Mama Bong, umekwenda wapi?"

Khue akafikiri kidogo. Maharusi wa mtaani kwao wote walikwenda Da Lat wakarudi na picha za maua. Wao hawakwenda, kwa sababu mwaka ule mvua ilibomoa paa.

"Da Lat," akasema. "Nimekwenda kule kwenye baridi na maua. Simu yangu imezima, na leo sirudi."

"Hapo sawa," Bi Tuat akarudi kwenye vitunguu vyake. "Uniletee stroberi."

Khue hakuwa mwoga. Daktari alikuwa amewaonyesha kwenye skrini jinsi mtoto alivyolala kikingamo, akapanga siku ya upasuaji kabla ya mwaka mpya, akasema wanawake wengi hupita njia hiyo na kurudi nyumbani wakiimba. Khue alimwamini. Alikwisha kushona kofia mbili, ya njano na ya kijani, na usiku alikuwa akizipanga juu ya tumbo aone ipi itampendeza mwanawe. Lakini alikuwa binti wa mwanamke aliyejua kuficha.

Mama yake mzazi alikuwa akinunua pete za dhahabu, mojamoja, na kuzifukia mahali fulani ndani ya nyumba. Hakumwambia mtu. Alasiri moja alianguka sokoni, asiinuke tena. Watoto wakachimba ua, wakapasua mito, wakavunja mtungi wa maji. Hawakupata hata pete moja. Nyumba ikauzwa. Aliyeinunua akaanza kukarabati jiko, na haukupita muda akaongeza ghorofa, akaongeza nyingine, akaezeka juu vigae vya buluu. Hakusema neno, na nani angemuuliza? Tangu hapo kila Khue alipopita kule na pikipiki yake, lile paa la buluu lilimkodolea macho.

Dhahabu yake yeye haikuwa ardhini. Aliuza nguo za watoto kwa simu, na jioni alisoma Kiingereza na kompyuta kwenye ukumbi wa kata, Bong, mwanawe wa kwanza, akiwa amelala mapajani mwake. Huko ndiko alikosikia habari za bitikoini. Kila furushi la nguo lilipoisha, alinunua kipande kidogo cha sarafu hiyo ya mtandaoni. Iliposhuka watu wakalia, yeye akanyamaza. Ilipopanda watu wakauza, yeye akanyamaza vilevile. Sasa ilikuwa imenona kiasi cha kumsomesha Bong mpaka mwisho wa shule zote, na mdogo wake amfuate nyuma.

Mwalimu wa jioni alikuwa amewaonya. Pochi ya sarafu hizi inafunguliwa kwa maneno kumi na mawili. Aliye nayo ndiye mwenye mali. Yakipotea, hakuna dirisha la benki la kwenda kulilia. Usimwonyeshe mtu yeyote! Na Khue alitii, mpaka siku ile ya skrini. Alipomwona mtoto amelala kikingamo, akaona na paa la buluu.

Ndipo alipoyaandika maneno yale kwenye karatasi, akaitia ndani ya bahasha nyekundu, akampa mama mkwe wake kwa mikono miwili. "Hii ni mali ya Bong na mdogo wake, Mama. Iweke mahali salama kuliko pote." Leo ilikuwa siku ya kuona kama wangeweza kuifikia bila yeye.

"Haya," Lam akavuta kiti. Mezani kulikuwa na simu kuukuu iliyofutwa kila kitu. "Mke wangu yuko Da Lat. Simu ni tupu. Nafanyaje?" Akamtazama Khue. Khue akatazama dari.

"Mama, mbona huongei?" aliuliza Bong, mwenye miaka minne, kutoka kwenye beseni la samaki wa miungu.

"Mama yuko Da Lat," Lam akamjibu.

"Lakini namwona!"

"Hiyo ni picha yake."

Bong akaja kumbonyeza mama yake shavu kuhakikisha, akaridhika, akarudi kwa samaki wake.

Lam akakuna kichwa, akakumbuka, akaipakua pochi kama alivyoelekezwa. Simu ikauliza kama pochi ni mpya au anayo tayari. Akabonyeza. Ikaomba maneno. Khue alihisi moyo wake unapiga ngoma ya harusi. Wanaweza! Wanaweza bila mimi!

"Mama, lete ile bahasha."

"Bahasha gani?"

"Nyekundu. Ya Khue."

"Aa, hiyo. Iko salama."

"Salama wapi?"

"Kwa baba yako."

Mzee Hoach, baba yake Lam, alikuwa marehemu tangu kabla ya harusi yao. Lam akageukia madhabahu, akapapasa nyuma ya picha ya mzee, akainua sahani ya machungwa.

"Si hapo, kichwa maji wewe. Nimempelekea."

Khue akasahau kabisa kwamba yuko safarini. "Umempelekeaje, Mama?"

"Kwa moto, kama vitu vingine vyote. Siku ya mwezi mpevu." Bi Tuat alifuta mikono kwenye aproni kwa fahari ya mtu aliyetimiza kazi yake vizuri. "Uliniambia mahali salama kuliko pote. Nikawaza: kabatini kuna panya. Chini ya godoro, wezi ndiko wanakoanzia. Lakini nani amewahi kumwibia marehemu? Tena nikampelekea na simu, ile mpya ya kamera tatu, na chaja yake. Maneno bila simu angeyafunguaje?"

Bi Tuat alikuwa na meza sokoni, akiuza vitu vya karatasi vya kuwachomea wafu: mashati, pikipiki, nyumba zenye bustani, simu. Maisha yake yote hakuwahi kusikia mteja akirudi kulalamika kwamba mzigo haukufika.

Lam akapauka. "Mama Bong... tumekwisha?"

Khue akataka kulia. Akafungua mdomo alie, kikatoka kicheko. Akacheka mpaka akashika tumbo kwa chini, mpaka mtoto naye akapiga teke huko ndani.

"Hatujaisha! Mimi niko hapa, maneno ninayo, pochi iko kwenye simu yangu! Ningekuwa nimekwenda Da Lat ya kweli, hapo ndipo tungekwisha. Mmeona? Mmeona sasa kwa nini tunajaribu?"

Bi Tuat alikuwa amekaa kitako sakafuni. "Kwa hiyo nimechoma shule ya Bong?"

"Umechoma karatasi, Mama."

"Mzee akipenda aturudishie," alisema Lam, ambaye damu ilikuwa imemrudia usoni. "Si anayo simu? Apige picha atume. Kwa kamera zote tatu."

"Nyamaza wewe!" Bi Tuat alimrushia ganda la kitunguu. Kisha akamgeukia Khue, na macho yake yalikuwa na maji. "Lakini na wewe mwanangu, mbona uliniambia nusu? Kitu cha kumtunzia maiti na kitu cha kumtunzia aliye hai si kimoja. Ungesema nitakitoa tena siku moja, mimi ningekichoma?"

Khue aliona kwamba kweli ilikuwa hiyo. Alitoa bahasha mkononi lakini siri akaibana kifuani, kama mama yake na pete zake. Akateremka kwenye kigoda kwa taabu, akakaa sakafuni ubavuni mwa mkwewe.

"Siri ya mtu mmoja ni figa moja, Mama. Haliinjiki chungu. Leo si ndiyo siku ya mafiga matatu, ya miungu watatu wa jikoni? Basi na sisi tuwe watatu. Nitawaambia yote."

Akawaambia yote: maneno ni nini, yanafungua nini, na kwa nini lazima yakae bila kuonwa na mgeni lakini yaweze kutoka siku yakihitajika. Lam alikuwa fundi wa mageti na madirisha ya chuma kisichoshika kutu, na alikuwa na seti ya herufi za kugongea jina lake kwenye kazi zake. Akaruka juu kabla mkewe hajamaliza.

"Chuma! Nitayagonga kwenye bati la chuma. Hilo haliungui, Mama, hata ukitaka."

"Chunga ulimi, nisije nikataka," alisema Bi Tuat. Lakini alikuwa anatazama madhabahu, penye bakuli la majivu la kuchomekea vijiti vya ubani. Bakuli lile halikuguswa na mtu. Hata mwizi angebeba televisheni akaliacha, kwa kuogopa mikosi. Mara moja tu kwa mwaka, mwisho wa mwaka kama leo, liliombewa ruhusa, likapunguzwa majivu na vijiti vilivyoungua.

"Chini ya majivu," alisema polepole. "Mzee atatunza kweli, na sisi tutajua alipo. Lakini kabla ya saa sita mchana! Miungu wa jikoni wakishaondoka, mimi sifungui bakuli."

Nyumba ikageuka mzinga wa nyuki. Lam alikimbilia uani na kipande cha bati, Khue akamfuata na simu yake, akimnong'oneza herufi. Herufi nne za mwanzo za kila neno zilitosha. Simu yenyewe ingemalizia, mwalimu alikwisha kuwafundisha. Ko! Ko! Nyundo ililia mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta.

"We Lam, leo sikukuu unagonga nini?"

"Sahani!"

"Sahani ndogo hivyo, ya kumlisha nani?"

"Baba!"

Jirani akatikisa kichwa, akarudi kwenye kuku wake. Mawingu yalikuwa yameziba jua, kwa hiyo Bi Tuat alitega sikio kwenye kipaza sauti cha mtaa kinachotangaza saa, huku akipakua wali wa kunata na kunawa mikono kwa pombe ya tangawizi ili iwe safi ya kugusa bakuli. "Bado?" alipaza sauti. "Mnachonga bati au mnachonga treni?"

Bati lilipoingia ndani, bado lina joto la nyundo, Khue alikwea tena kigoda chake. "Nimeondoka," akasema. "Msiniulize kitu."

Lam akaweka bati mbele ya simu kuukuu, akaingiza herufi, neno kwa neno, jasho likimtiririka ingawa palikuwa na baridi. Akabonyeza. Simu ikakataa.

"Imekataa!"

Khue alikwisha kuona kosa. Lam aligonga maneno kwa kwenda, kutoka kushoto kuelekea kulia, na sasa anayasoma kwa kushuka. Neno moja tu kutoka kwake lingemaliza kazi. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Siku yenyewe sitakuwa na mdomo, alijikumbusha. Wacha ahangaike, wacha ahangaike, ee mume wangu hangaika uone!

"Labda umegonga vibaya," alisema Bi Tuat.

"Nimegonga vizuri, Mama. Nimegonga moja, mbili, tat..." Kidole cha Lam kikasimama hewani. Kikateleza kuelekea kulia. "Ala! Mimi ni mjinga!"

"Hilo tunalijua. Endelea."

Akaanza upya, kwa kwenda. Akachukua patasi akakwaruza namba ndogo kando ya kila neno ili mjinga wa kesho asihangaike kama wa leo. Akabonyeza. Kiduara kikazunguka kwenye kioo, kikazunguka, Bong akaacha samaki akaja kutazama kinavyozunguka.

Pochi ikafunguka.

"Imekuja!" Lam alipiga kelele hadi machungwa yakatikisika. "Mama, imekuja! Yote!"

Bi Tuat alivaa miwani akainama. "Mbona inaanza na sifuri?"

"Sarafu hii ndivyo ilivyo, Mama. Utamu uko nyuma."

Lam akafuta pochi kutoka kwenye ile simu, kama walivyokubaliana. Bi Tuat akasimama mbele ya picha ya mumewe, akamweleza habari yote bila kuficha hata ile ya bahasha, akarusha sarafu mbili za kale kwenye sahani kumwuliza kama anakubali. Zote mbili zikalala uso juu.

"Anacheka," alisema. "Hajakataa, anatucheka."

"Anacheka kamera tatu," alinong'ona Lam.

Akarusha tena. Moja ikalala chali. Ya pili ikakimbia ukingoni mwa sahani, ikazunguka, wote wakainama nayo, Khue akashika ukingo wa kigoda, ikayumba, ikalala kifudifudi. Moja uso, moja mgongo. Mzee amekubali! Bi Tuat akazika bati ndani ya majivu kwa mikono yake mwenyewe, na alipochomeka kijiti cha mwisho cha ubani, kipaza sauti cha mtaa kikakoroma na kutangaza saa sita.

"Na tukilihitaji bati mwezi wa sita?" Lam aliuliza. "Bakuli si halifunguliwi?"

"Nitamwomba ruhusa. Atakataaje, na wajukuu wake hawajala?" Bi Tuat alipangusa majivu. "Na kila mwaka siku hii tunalitoa, tunajaribu. Mtu mmoja anasafiri."

"Mwakani nasafiri mimi."

"Wewe ukisafiri ndiyo tutapumzika."

Khue alikuwa bado juu ya kigoda, mikono mdomoni, machozi yakimpitia vidoleni. Hakuna aliyemwuliza chochote, tangu bati lilipoingia mpaka majivu yalipofunikwa. Walikuwa wamefika wenyewe.

Bi Tuat akamjia, akamshika kiwiko kwa mkono wake wenye majivu, akamwinua.

"Haya, rudi. Wali unapoa, na samaki wanataka kupelekwa mtoni." Kisha akanyoosha kiganja. "Na stroberi zangu?"